Jeli inayotibu chunusi ya mwezi ujao

Watu wengi wanaoanza kupaka jeli ya retinoidi, dawa ya chunusi ya jamii ya vitamini A, huiacha njiani, na wengi wao huiacha pale pale inapoanza kufanya kazi. Nimeliona hilo kwa binamu yangu, kwa rafiki zangu wawili watatu, na kwa wale wanaoniuliza hadi leo ni dawa gani iliyonisafisha uso. Nikiwatajia, nusu yao hunijibu, "Aa, hiyo niliijaribu, ikaniunguza tu." Jibu hilo linaniuma, kwa sababu najua walichopitia na najua walikuwa wamebakiza kidogo. Ndiyo maana naandika haya kwa urefu. Mtu akielewa dawa hii inafanya nini ndani ya ngozi, masharti yake hayamchoshi, na miezi ya kusubiri inavumilika.

Mimi chunusi zilinianza nilipobalehe, kama watoto wengi. Tofauti yangu ni kwamba hazikukoma. Wenzangu walipoingia miaka ya ishirini nyuso zao zilitulia. Zangu zilihama tu, zikatoka kwenye paji la uso na pua zikateremka hadi kwenye taya na kidevu, zikawa kubwa, zenye maumivu, na kila moja ikipona inaacha doa jeusi. Mwenye ngozi nyeusi ananielewa hapa. Chunusi inakaa wiki, doa linakaa miezi, na mara nyingi doa ndilo linalomfanya mtu akwepe kioo na kamera.

Na kuna maneno ya watu. "Huoshi uso vizuri." "Unazitumbua ndiyo maana." Wanasema kwa nia njema, lakini si kweli kwamba chunusi inatokana na uchafu, na mtu anayeambiwa hivyo kila siku huishia kuusugua uso wake mpaka uwake moto. Sabuni kali na kusugua huongeza uvimbe. Kama una kijana nyumbani mwenye chunusi, tafadhali usimwambie akaoshe uso. Ameshauosha.

Kabla ya jeli nilikuwa nimepewa vidonge vya antibayotiki mara kadhaa kwenye zahanati moja. Nilipokuwa ninavimeza nilipata nafuu, na dozi ikiisha chunusi zikarudi zilivyokuwa. Baadaye ndipo nilipoelezwa kwa nini. Bakteria anayehusika na chunusi, Cutibacterium acnes, anaishi kwenye ngozi ya kila mtu, mwenye chunusi na asiye nazo. Antibayotiki inampunguza na inatuliza uvimbe kwa muda, lakini kinyweleo kilichoziba kinabaki kimeziba. Tena ukiitumia peke yake muda mrefu, bakteria wanazoea na dawa inapoteza nguvu. Siku hizi miongozo ya tiba inasisitiza antibayotiki ya chunusi itumike kwa muda maalumu, iambatane na dawa nyingine kama benzoili peroksaidi, dawa ya kupaka inayoua bakteria, au retinoidi, isipewe peke yake.

Hatimaye nikafika kwa daktari wa ngozi, mama mmoja wa makamo, mpole, asiyekuwa na haraka. Hakuanza na chunusi kubwa zilizonipeleka. Alinisogeza karibu na dirisha, akaniambia nigeuze uso mwanga uupige kwa ubavu, halafu akaivuta ngozi ya shavu langu kwa vidole viwili na kunipa kioo kidogo.

"Unaviona hivi vinundu vidogo, binti yangu?"

Nikaviona. Vilikuwa vingi, vya rangi ile ile ya ngozi, vidogo kiasi kwamba nikisimama mbele ya kioo cha kawaida sivioni kabisa.

"Hizo si chunusi, daktari," nikamwambia.

"Ndizo chunusi zako za mwezi ujao. Dawa nitakayokupa ni ya hizi. Zile kubwa zitapona zenyewe."

Maneno hayo yalinibadilishia kila kitu. Akanieleza kwamba ndani ya kinyweleo seli za ngozi hufa na kubanduka kila siku, zikatoka nje pamoja na mafuta. Kwa mtu mwenye chunusi seli hizo huzalishwa kwa wingi na hushikamana, zikachanganyika na mafuta na kutengeneza kizibo kidogo kisichoonekana kwa macho. Kizibo hicho hukua taratibu kwa wiki kadhaa. Kikibaki wazi juu, unaona kidoti cheusi, na weusi wake si uchafu bali ni rangi ya ngozi pamoja na mafuta yaliyobadilika kwa kukutana na hewa. Kikifunikwa, unaona kipele cheupe. Kikipasuka kwa ndani na mwili ukakishambulia, ndipo inatokea chunusi nyekundu, yenye usaha na maumivu. Kwa hiyo chunusi unayoiona leo ilianza zamani, na ukipaka dawa juu yake umechelewa.

Retinoidi, ambazo ni jamaa wa vitamini A, hufanya kazi mwanzoni mwa safari hiyo. Huingia ndani ya seli, zikashika vipokezi vilivyo kwenye kiini chake, na kubadilisha namna seli zinavyokua na kubanduka, ili zisishikamane. Kinyweleo kinabaki wazi. Pia zinapunguza uvimbe. Mimi niliandikiwa adapalini ya asilimia 0.1, ambayo ni laini kwa ngozi kuliko tretinoini, ndugu yake mkubwa. Tretinoini iliidhinishwa Marekani kutibu chunusi mwaka 1971, adapalini ikafuata mwaka 1996, na mwaka 2016 adapalini ya asilimia 0.1 ikaruhusiwa huko kuuzwa bila cheti cha daktari kwa wenye umri wa miaka 12 na kuendelea. Kwa hiyo hii si dawa mpya wala ya kubahatisha.

Historia yake ina jambo zito ambalo nadhani ni haki kulitaja. Daktari aliyehusika zaidi na tretinoini, Albert Kligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, aliendesha kwa miaka mingi majaribio ya dawa na vipodozi kwenye miili ya wafungwa wa gereza la Holmesburg, Philadelphia, wengi wao watu weusi, hadi majaribio hayo yaliposimamishwa mwaka 1974. Kitivo cha tiba cha chuo hicho kiliomba radhi mwaka 2021, na jiji la Philadelphia likafuata mwaka 2022. Mimi ni mtu mweusi ninayefaidika na dawa za jamii hii, na nimeona ni deni kuwakumbuka walioumizwa.

Sasa kuhusu kupaka, hapa ndipo watu wengi wanapokwama.

Jambo la kwanza ni mahali pa kupaka. Kama dawa inafuata vizibo visivyoonekana, basi haipakwi juu ya chunusi. Inapakwa eneo zima linalotoka chunusi, pamoja na sehemu zinazoonekana safi. Kwangu ni uso mzima kasoro kope, eneo linalozunguka macho, mikunjo ya pua na pembe za mdomo. Rafiki yangu mmoja alikuwa akiidonoa kwenye chunusi kama dawa ya kidonda, na tyubu moja ikamkalia karibu mwaka bila mabadiliko yoyote.

Jambo la pili ni kiasi. Punje ya njegere, basi, kwa uso mzima. Unaigawa kwa vidoti, kimoja paji la uso, kimoja kila shavu, kimoja kidevuni, halafu unaisambaza mpaka isionekane. Ukizidisha hupati matokeo ya haraka zaidi, unapata ngozi iliyoungua. Jeli ni nyepesi na inateleza, kwa hiyo mkono unatamani kuongeza. Usiuruhusu.

La tatu ni ngozi kavu. Maji yaliyobaki usoni huifanya dawa ipenye kwa nguvu na kuwasha. Mimi huosha uso kwa sabuni ya upole isiyo na manukato, najifuta kwa kugusagusa taulo, halafu naendelea na shughuli nyingine kwanza, nikatandika kitanda au nikasuka nywele, kama dakika ishirini hivi. Kisha losheni nyepesi ya kulainisha ngozi, ile iliyoandikwa kwamba haizibi vinyweleo, halafu jeli, halafu losheni tena. Daktari alinihakikishia kwamba losheni haiiharibii dawa kazi yake, ila inapunguza ukali. Na kupaka ni usiku. Adapalini yenyewe haiharibiki kwa mwanga, lakini tretinoini za aina nyingi huharibika, na isitoshe ngozi inayotumia dawa hizi inaungua na jua kwa wepesi zaidi.

La nne, anza polepole. Mimi nilianza usiku mmoja kwa kila siku tatu, ngozi ilipozoea nikapaka siku moja na kuruka moja, na baadaye sana ndipo nikapaka kila usiku. Kwa mwenye ngozi inayowasha upesi kuna njia nyingine: unapaka, unaiacha nusu saa hadi saa moja, unaiosha, na wiki zinavyokwenda unaongeza muda. Kuna wanaoona aibu kwenda mwendo huu, wanadhani dawa haitafanya kazi. Inafanya. Ninaamini kabisa kwamba mtu anayepaka mara tatu kwa wiki kwa mwaka mzima atamshinda anayepaka kila siku kwa wiki mbili na kuacha.

Hata kwa tahadhari zote hizo, wiki za mwanzo ni ngumu, na sitaki kumficha mtu. Ngozi ilinikaza. Nikioshea uso maji ya kawaida yalichoma. Kwenye kidevu ilibanduka vipande vyembamba, poda haikukaa, na kila nilipojaribu kuifunika ilionekana zaidi. Pembe za mdomo zilinipasuka ingawa sikuwa nimezipaka, kwa sababu jeli hutembea usiku ukilala ubavu. Nikipiga mwayo asubuhi nilisikia pale pembeni pakivutika na kuchanika, mchaniko mdogo wa urefu wa punje ya mchele, lakini unaouma kila nikila na kila nikicheka. Nilimpigia daktari. Akaniambia nipumzishe dawa mpaka ngozi itulie, kisha nirudie, na kabla ya kupaka nizungushie mafuta ya mgando midomoni, kwenye mikunjo ya pua na chini ya macho, yawe ukuta. Tangu hapo pembe za mdomo hazijapasuka tena. Kama utachukua jambo moja tu la vitendo kutoka kwangu, chukua hilo la mafuta ya mgando.

Vile vipande vinavyobanduka, viache. Usivikwangue, usitumie krimu zenye chembechembe za kusugulia, na usiongeze wakati huo asidi nyingine za usoni, hata kama chupa zake zinakuvutia. Vilainishe kwa losheni, vitaondoka. Kwa kawaida ukavu na kuwasha huwa vikali zaidi katika wiki mbili tatu za mwanzo, halafu vinapungua ngozi inapozoea.

Kisha likaja jambo linalowakatisha tamaa watu kuliko yote: chunusi ziliongezeka. Kioo kikaniambia dawa imenishinda. Nilikumbuka vile vinundu vya dirishani, na ndivyo vilivyoniokoa nisiitupe tyubu. Dawa inapoharakisha mwendo wa seli, vizibo vilivyokuwa vimejificha chini husukumwa juu kwa pamoja, chunusi ambazo zingetoka kwa miezi miwili zikatoka kwa wiki chache. Si kila mtu linampata, lakini likimpata halimaanishi dawa imekataa.

Hapa inabidi mtu atofautishe, maana si kila kinachotokea usoni kinapaswa kuvumiliwa. Chunusi za kusukumwa na dawa hutoka mahali pale pale ulipozoea kuzipata, hufanana na zako za siku zote, na hupona upesi. Ukiona uso unavimba, macho yanavimba, unawashwa sana hadi kujikuna, malengelenge, au upele mahali ambapo hujawahi kutoka chunusi, hiyo inaweza kuwa mzio. Osha dawa, acha kupaka, muone daktari au mfamasia. Ngozi ikiwa nyekundu na inauma muda wote, hata usipoigusa, pia simama. Kwa wenye ngozi nyeusi hili lina uzito wa pekee, kwa sababu ngozi iliyoungua na dawa inaacha doa sawasawa na ngozi iliyoungua na chunusi. Ukivumilia kupita kiasi unajiongezea kile ulichotaka kukiondoa. Na weusi wetu unaficha wekundu, kwa hiyo usisubiri kuona rangi nyekundu ndipo ujue umeungua. Sikiliza joto na mkazo wa ngozi, na tazama kama sehemu fulani inaanza kung'aa au kuwa nyeusi zaidi.

Mabadiliko ya kweli yalikuja polepole, na sikuyaona usoni bali kwa vidole. Nilikuwa naosha uso usiku, nikapitisha kiganja kwenye paji la uso, nikakuta pamelainika. Vile vinundu vilikuwa vimepungua. Chunusi kubwa bado zilikuwepo, lakini nilijua zilikuwa zinamalizika, kwa kuwa za nyuma yao hazikuwepo tena. Majaribio mengi ya dawa hizi hupima matokeo katika wiki ya 12, na uboreshaji unaendelea hata baada ya hapo. Kwa hiyo anayehukumu dawa baada ya wiki tatu amehukumu kabla shahidi hajafika. Njia niliyoona inasaidia ni kupiga picha mara moja kwa mwezi, mahali pamoja, mwanga ule ule, kisha kuacha kuchunguza kioo kila asubuhi.

Madoa yalichukua muda mrefu zaidi. Retinoidi husaidia kuyafifisha kwa sababu ngozi inajibadilisha kwa kasi, lakini kazi hiyo inaharibika yote usipojikinga na jua. Krimu ya kuzuia jua yenye kipimo cha SPF 30 au zaidi ni sehemu ya tiba hii. Watu weusi tumeaminishwa kwamba hatuihitaji. Kwa mtu mwenye madoa tunaihitaji sana, kwani jua huyakoleza. Tena kwa ngozi nyeusi, mwanga unaoonekana kwa macho nao huchochea madoa, na krimu nyingi za jua zisizo na rangi haziuzuii sana. Zile zenye rangi, zilizotiwa oksaidi ya chuma, zinazuia vizuri zaidi. Nilipobadilisha ndipo madoa ya mashavuni yalipoanza kufifia kweli.

Baada ya ngozi kuzoea, daktari aliniongezea benzoili peroksaidi asubuhi. Inaua bakteria bila kuwafundisha usugu, na adapalini inastahimili kukaa nayo, wakati tretinoini za zamani zinaharibiwa nayo zikipakwa pamoja. Ina tabia moja: inachuja rangi ya kitambaa. Taulo langu la buluu lina mabaka ya rangi ya chungwa hadi leo, na foronya nazo vivyo hivyo. Tumia taulo jeupe.

Kung'oa nywele za usoni kwa nta, hapana, muda wote unapotumia dawa hii. Ngozi ya juu inakuwa dhaifu na inaweza kutoka na nta. Niliona mdomo wa juu wa binamu yangu baada ya kufanyiwa hivyo saluni, ngozi imechubuka kipande kizima, na doa lake lilikaa muda mrefu kuliko chunusi yoyote aliyowahi kuipata. Uzi ni afadhali, ingawa hata huo usitumike ngozi ikiwa inabanduka.

Binamu huyo huyo alikuwa na tatizo jingine ambalo nadhani linawahusu wengi. Alikuwa akipaka krimu ya kung'arisha uso isiyo na orodha ya viambato, na wiki za mwanzo alipendeza, chunusi zilitulia na madoa yakapotea. Alipoacha, uso ulilipuka. Krimu za namna hiyo mara nyingi huwa zimechanganywa na steroidi kali, ambayo hutuliza uvimbe haraka, halafu ikitumiwa muda mrefu huikonda ngozi na yenyewe inaleta chunusi. Jeli ya retinoidi haiwezi kushinda hali hiyo ikiwa krimu bado inaendelea, na kuiacha ghafla ni taabu. Yeye ilibidi asimamiwe na daktari mpaka ngozi ikarudi. Kama unatumia krimu usiyojua ndani yake mna nini, mwambie daktari kabla hujaandikiwa dawa nyingine. Hakuna aibu katika hilo, na habari hiyo inabadilisha tiba yote.

Kuna vitu ambavyo jeli haikunifanyia. Mafuta ya uso hayakupungua. Retinoidi za kupaka hazipunguzi sana mafuta yanayotengenezwa na tezi, zinazuia tu yasinaswe ndani. Makovu yenye mashimo niliyoyapata zamani nayo yapo, hayo yanahitaji tiba nyingine za hospitali. Na jeli haifai kila chunusi. Mdogo wangu wa kiume alipobalehe alitokwa na mavimbe makubwa ya ndani kabisa, mgongoni na usoni, yasiyokuwa na kichwa. Alikuja akaniambia, "Dada, nipe ile dawa yako." Nilimkatalia, nikampeleka kwa daktari siku zile zile, kwa sababu chunusi za aina hiyo zinaacha makovu upesi na miezi mitatu ya kusubiri jeli ni mingi mno kwake. Aliandikiwa vidonge vya isotretinoini, ambavyo vinadhibitiwa kwa vipimo vya damu na usimamizi wa karibu, na vinapunguza tezi zenyewe za mafuta. Mavimbe yake yalikwisha. Nafurahi kwamba hatukupoteza muda.

Nilipokuwa safi nilimuuliza daktari kama sasa niache. Akanirudisha dirishani. Vizibo vinaendelea kujaribu kutengenezwa maadamu tezi na homoni bado zinafanya kazi, na dawa isipokuwepo vitarudi. Kwa hiyo nikapunguza nikabaki na usiku chache kwa wiki. Hiyo inatosha kwangu. Retinoidi za kupaka hazina tatizo la usugu kama antibayotiki, na zinaweza kutumika kwa muda mrefu.

Siku ile ya kwanza, kabla hajaandika cheti, daktari alikuwa ameniuliza swali ambalo kila mwanamke anapaswa kuulizwa: una mimba, au unatarajia kuipata karibuni? Kiasi cha dawa ya kupaka kinachofika kwenye damu ni kidogo sana, lakini jamii hii ya dawa ikimezwa, kama isotretinoini, inaleta kasoro kubwa kwa mtoto aliye tumboni, na kwa hiyo hata za kupaka madaktari hushauri ziachwe. Tazarotini, retinoidi nyingine ya kupaka, ndiyo inayokatazwa kwa ukali zaidi. Mwanamke akigundua ana mimba akiwa anapaka adapalini, aache na amweleze daktari wake. Hana sababu ya kujawa na hofu.

Mimi na mume wangu tulipoamua kutafuta mtoto nilirudi kwa daktari kabla ya jambo lolote. Jeli nikaiacha. Badala yake ninapaka asidi ya azelaiki asubuhi na usiku, dawa inayokubalika wakati wa mimba, ambayo inazuia vizibo kwa kiasi na kufifisha madoa pia. Ina nguvu kidogo kuliko adapalini kwangu. Chunusi moja moja zimerudi kwenye taya, hasa hedhi inapokaribia, na azelaiki inazishika zisienee. Tumekubaliana na daktari kwamba nikishajifungua na kumaliza kunyonyesha nitarudi kwake anitazame, ndipo tuanze jeli upya, usiku mmoja kwa kila siku tatu.